Ncha Niliyoiandika Nzuri

Kiwanda kilipotuacha nilikuwa na miaka saba ya kusokota waya kwenye koili za redio. Redio za kutoka nje zilikuwa zimeanza kumwagika madukani kwa bei ambayo sisi tusingeiweza hata kama tungefanya kazi bure. Mashine zikazimwa moja moja, watu wakaondoka mmoja mmoja. Siku za mwisho mwisho, mwalimu mmoja wa fizikia alikuja kumuuliza msimamizi wetu kama hapo kiwandani kuna mtu mwenye mkono usiotetemeka. Msimamizi alininyooshea kidole bila kuinua kichwa.

Mwalimu huyo tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa fizikia, aliyesomea Ulaya, lakini pale chuoni kwake, chini ya Mlima Meru, wapishi na wafagizi walimletea vidonda na vikohozi vyao. Mwanzoni aliwaeleza. Baadaye alichoka, akawa anaweka dawa ya kichwa mfukoni.

Alikuwa anaunda hadubini. Si ile ya kuchungulia kwa jicho. Hii ilikuwa na sindano badala ya kioo, na sindano hiyo ilipita juu ya kitu bila kukigusa, karibu sana, mpaka umeme unaruka pengo lililobaki. Umeme ule ukiongezeka au kupungua, kompyuta inachora mstari. Mistari ikipangana inakuwa picha. Daktari alisema kwamba kwa njia hiyo mtu anaweza kuona atomu, moja moja, zilivyokaa. Nilimuuliza sindano yenyewe inatakiwa iwe kali kiasi gani.

"Mwishoni kabisa ibaki atomu moja," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Vipande vidogo alivileta ndani ya sanduku kutoka alikosoma. Mengine yote aliyatafuta Arusha. Kiti cha hadubini kilikerezwa na fundi wa Ngarenaro ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza vipuri vya mashine za kusaga. Bamba la kuiwekea juu lilikuwa jiwe la kaburi, ambalo mchonga mawe alikuwa amekosea jina la marehemu. Tuligeuza maandishi chini, tukalilaza juu ya tyubu za gari zilizojazwa upepo kidogo ili mitikisiko ya ardhini isifike juu. Hata hivyo ilifika. Lori likipita barabara ya chini, picha ilipiga mawimbi. Mtu akitembea kwenye korido, mawimbi.

Kazi yangu ilikuwa ncha. Nilikata waya wa tangsteni, ile metali inayowaka ndani ya balbu, wenye unene kama wa uzi wa kushonea. Nikausugua kwa msasa laini, nikauning'iniza wima ndani ya bika, gilasi ya maabara, yenye kostiki, ile ile wanayotumia wapika sabuni, kisha nikaunga umeme kutoka betri ya gari. Pale waya unapokutana na uso wa maji, kostiki inaula polepole. Vipovu vinapanda kwenye pete ya chuma iliyouzunguka. Waya unaanza kufanya kiuno. Kiuno kinakonda mpaka kipande cha chini kinakuwa kizito kuliko kinavyoweza kushikwa, kinadondoka. Hapo, papo hapo, ni lazima ukate umeme. Ukichelewa hata kufumba na kufumbua, kostiki inaendelea kula na ncha yako inakuwa butu. Kisha unaisuuza kwa maji safi ya kuongezea betri, halafu spiriti, unaiangalia kwenye hadubini ya kawaida, na unaandika kwenye daftari: namba, siku, na hali yake. Mbovu. Wastani. Nzuri.

Ncha nzuri haikukaa. Miezi ya ukungu, Juni na Julai, unyevu wa mlimani uliiharibu kwa siku mbili. Kwa hiyo nilitengeneza kila mara, na baada ya mwaka mmoja Daktari hakuangalia tena nilichotengeneza. Aliangalia daftari tu. Nikiandika nzuri, ni nzuri.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika kazi ile, mlinzi wa geti. Alikuwa Mmeru, mzee wa karibu miaka sitini, na alikuwa amelinda geti la chuo tangu siku ambazo geti lenyewe lilikuwa mti mmoja uliolazwa njiani. Daktari alipotaka kuchukua picha, alimtumia ujumbe, na mzee alisimamisha magari, akawanyamazisha wanafunzi, akasimama mwenyewe mwanzo wa korido akiwa amevua viatu. Hakuna aliyemwambia avue. Aliona mwenyewe kwamba viatu vyake vina kelele.

"Leo mtaiona?" alikuwa akiniuliza kila nikipita.

"Shikamoo, mzee. Tutajaribu."

"Marahaba, mwanangu. Nami nipo hapa, hapiti hata kuku."

Mwaka wa pili chuo kilianza kuzungumza lugha niliyokwisha kuisikia kiwandani. Serikali imepunguza fungu. Kila idara ionyeshe faida yake. Kuna orodha. Hakuna aliyeiona orodha hiyo, ila kila mtu alijua nani yumo. Kisha tukaambiwa kwamba wageni watatu watakuja, wawili kutoka wizarani na mmoja wa shirika la wafadhili, kutazama kama maabara yetu inastahili kusaidiwa. Ijumaa. Daktari alipanga kuwaonyesha grafaiti, madini yale yaliyomo kwenye penseli, ambayo atomu zake hujipanga vizuri na huonekana kwa urahisi kuliko vitu vingine. Tulikuwa tumekaribia kuziona mara mbili.

"Nataka ncha tano," aliniambia Jumatatu. "Zitengeneze Alhamisi, ziwe mbichi. Usikose."

Wakati ule nilikuwa naishi na mama yangu katika chumba cha kupanga Daraja Mbili. Nilimtoa kwetu Machame baada ya kiharusi; upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mdomo wake ulitamka maneno nusunusu. Jirani alimwangalia mchana. Jumatano alianguka kutoka kitandani akapasuka kichwani. Nilikaa naye hospitali Jumatano nzima na Alhamisi nzima, kwa sababu wodini ndugu ndiye anayempindua mgonjwa, ndiye anayemlisha, ndiye anayekwenda kununua nyuzi za kushonea kidonda kama hazipo. Sikumtumia Daktari habari. Nilikuwa najiambia kila saa kwamba saa ijayo nitatoka.

Ijumaa asubuhi nilimwacha mama na dada mmoja wa kanisani nikapanda chuoni. Daktari alikuwa ameondoka kwenda kuwapokea wageni. Mezani aliniachia karatasi: *Ncha ziko wapi?*

Umeme ulikuwa umekatika, mgao, ila ncha hazikuhitaji zaidi ya betri. Betri ilikuwa imechoka. Ncha ya kwanza ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, macho yangu yakanidanganya, nikakata umeme nikiwa nimechelewa. Butu. Ya pili ilitoka vizuri ikaniponyoka kwenye kibano, ikaanguka sakafuni, na kitu cha namna ile kikianguka huna haja ya kukitafuta. Ya tatu ilikuwa nzuri. Naapa ilikuwa nzuri. Niliiona kwenye hadubini imechongoka, imenyooka, inapotea yenyewe kwenye mwanga. Kisha nilipokuwa naiingiza kwenye kishikio chake, mkono wangu, ambao haukuwa umelala siku mbili, uligusa ukingo.

Niliirudisha chini ya hadubini. Pua yake ilikuwa imepinda kama ndoana.

Jenereta la chuo liliwaka. Nikasikia magari getini na sauti ya mzee akiwakaribisha wageni. Waya ulikuwepo bado. Ningeweza kutoka nje nikamwambia Daktari: nipe nusu saa. Wageni wangekunywa chai. Lakini mkuu wa chuo alikuwa nao, na ningelazimika kueleza mbele yake kwa nini ncha hazikutengenezwa jana, na nilikuwa nimeona kiwandani jinsi jina linavyoingia kwenye orodha. Nilifungua daftari. Nikaandika namba, nikaandika siku. Nikaandika: nzuri.

Wageni walikaa kwenye viti, ila viti havikutosha. Daktari alieleza kwa dakika kumi, akibandua grafaiti kwa selotepu ili apate uso msafi, akiwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona. Aliishusha sindano. Picha ikaanza kujichora kutoka juu, mstari baada ya mstari, na tangu mstari wa kwanza nilijua. Haikuwa na umbo. Ilikuwa imefutikafutika, kama maandishi yaliyopitiwa na kitambaa chenye maji. Daktari aligeuza vifundo. Aliinua sindano, akaishusha tena. Mgeni mmoja alitazama saa yake.

Wakati huohuo mzee alisukuma mlango kwa bega. Alikuwa peku, amebeba kiti.

Mkuu wa chuo aligeuka. "Nani amekuruhusu kuingia?"

"Samahani mkuu, niliona mgeni mmoja amesimama, nika…"

"Daktari, si ulisema mtu akitembea inaharibika?"

Daktari alimtazama mzee, akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. Sijui alitazama muda gani.

"Ndiyo," alisema. "Mtikisiko huharibu."

"Basi ndio huyo."

Mzee aliweka kiti chini taratibu sana, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nyumanyuma. Wageni walisema wameelewa. Walikunywa chai. Hawakurudi tena.

Jioni ile Daktari alibaki ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Aliniuliza bila kugeuka.

"Ncha ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

"Umeandika nzuri."

"Ndiyo."

"Haya. Nenda kwa mama yako."

Juma lililofuata mzee alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Orodha ilikuwa inahitaji jina la mlinzi mmoja, na jina lilipatikana bila mtu kulitafuta. Kwa kuwa ilikuwa ni nidhamu, hakupata kiinua mgongo. Hata zahanati ya chuo, ambako alikuwa akitibiwa kisukari bila kulipa, haikuwa yake tena. Nilimwona siku anakabidhi rungu na tochi. Nilipita upande wa pili, nyuma ya maktaba.

Baada ya wiki tatu hivi, nilitengeneza ncha moja asubuhi yenye ukungu, na Daktari akaniita. Nilikuta picha kwenye kioo. Zilikuwa nukta zenye mwanga, safu kwa safu, zimepishana kama matundu ya sega la nyuki, hakuna iliyokosa mahali pake. Zile ndizo atomu. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilianza kulia, na Daktari akanipiga piga begani akasema hata yeye alilia mara ya kwanza, kule Ulaya. Nikamwacha aamini hivyo.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Tulimzika kwetu. Niliporudi Daraja Mbili, kile chumba kikiwa kitupu, niligundua kwamba sababu niliyokuwa nikijipa, kwamba nikifukuzwa mama hatakuwa na wa kumlisha, haipo tena, na bado nilikuwa kimya. Ilipita miezi mingine minne. Nashindwa kuieleza miezi ile. Nilikwenda kazini, nilitengeneza ncha, niliandika daftari kwa uaminifu mkubwa.

Kisha mama mmoja anayeuza maziwa chuoni aliniambia mzee wa getini amekatwa mguu. Kidonda kidogo cha unyayoni. Kisukari. Alikuwa ameacha dawa tangu alipoacha kazi.

Nilipanda kwake Jumapili baada ya ibada. Kwake ni juu, kahawa inapopakana na msitu, ila kahawa nyingi alikuwa ameing'oa na kupanda nyanya, kwa kuwa siku zile bei ya kahawa ilikuwa haimrudishii mtu hata nguvu zake. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza, blanketi mapajani, magongo yameegemezwa ukutani. Mkewe alinipa bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando. Nilishindwa kulila.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Mliiona?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Tuliiona," nilisema. Na kabla ujasiri haujanitoka nikamwambia mengine yote. Mama hospitalini. Betri. Ndoana. Daftari. Kiti chake hakikuharibu chochote. Picha ilikuwa imeharibika kabla hajafika mlangoni.

Alisikiliza akitazama shamba.

"Hicho kilichopinda," alisema nilipomaliza, "mtu angeweza kukiona kwa macho?"

"Hapana, mzee."

"Hapana," alirudia. "Mimi nilidhani ni miguu yangu. Nimekaa hapa nikijiuliza nilikanyaga vipi siku ile. Nilikuwa nimevua viatu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Haya maneno umeyaleta kwa nani?" aliniuliza. "Sisi tulijua hakukosa. Yapeleke kwa waliomwandikia barua."

"Nitayapeleka, mama."

"Nenda basi. Usimalizie chakula."

Jumatatu nilimwambia Daktari. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na daftari nimelifungua ukurasa ule. Alilitazama neno langu, akaupitisha mkono juu yake.

"Najua," alisema.

Sikuelewa. Nikadhani mzee amemtumia mtu.

"Mtikisiko una sura yake," alisema. "Unakuja kama mawimbi, unapita, unaisha. Nimeutazama miaka kumi. Ile picha ilikuwa ni ncha mbovu. Nilijua kabla ya mzee kufungua mlango."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba maabara haina hata ncha moja nzima siku ya wageni? Nilitaka waondoke wakidhani ni korido. Korido inaweza kutengenezwa." Alifunga daftari. "Na wewe mbona hukusema?"

Nilimwomba tuandike barua pamoja kwa mkuu wa chuo. Alisema atafikiri. Muhula ule ulipoisha, alipata kazi katika chuo kikuu cha Botswana, kama walivyopata wengi wenye shahada zao miaka ile. Aliniaga vizuri. Aliniachia saa ya ukutani na kamusi. Barua ya kwenda kwa mkuu niliiandika peke yangu, kurasa mbili, nikaipeleka mwenyewe.

Mkuu aliisoma yote mbele yangu, jambo ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekosa," alisema.

"Ndiyo, mkuu. Naomba mzee arudishiwe haki yake."

"Faili lake limefungwa. Kulifungua ni lazima niandike kwamba chuo kilikosea mbele ya wizara." Alikunja barua yangu sawasawa, akaiweka kwenye droo. "Ungeniambia siku ile, ningekuwa na la kufanya."

Aliongea kwa upole, na nadhani alisema kweli. Orodha iliyofuata ilitoka baada ya miezi miwili, na jina langu lilikuwemo. Maabara bila Daktari haikuhitaji mtu wa ncha. Mimi nilipewa kiinua mgongo, kwa kuwa yangu iliitwa kupunguzwa. Nilikipeleka chote kule juu. Mkewe mzee alikikataa. Nilipeleka mara ya pili kwa mkono wa mchungaji wao, naye akanirudishia bahasha ikiwa imefungwa vile vile nilivyoifunga.

Mzee alifariki wakati wa mvua za masika. Kidonda kilikuwa kimehamia mguu wa pili, na safari hii alikataa kukatwa. Nilisikia habari hizo nikiwa Elerai, nilikokuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule, na nikapanda siku ya mazishi bila kujua kama nitaruhusiwa kukaa. Njia ilikuwa tope tupu. Watu walikuwa wengi, wafanyakazi wa chuo pia, na mkuu mwenyewe alikuja, akatoa salamu za rambirambi za chuo, akamwita marehemu mtumishi mwaminifu. Hakuna aliyeguna. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na migomba, chini ya mwavuli wa mtu nisiyemjua.

Tulipotoka kaburini, nilikwenda uani walikokuwa wanawake wa jikoni, kwa kuwa sikujua pa kusimama pengine. Mjane alinitazama. Alikuwa amevaa khanga mbili kichwani kwa sababu ya mvua. Aliinama, akachukua kisu kutoka kwenye beseni, akakifuta kwa khanga, akaninyooshea upande wa mpini, halafu akageuka kwenda kuwaangalia wageni wake. Hakunisemesha siku ile, wala baadaye.

Kulikuwa na mikungu saba ya ndizi mbichi imelazwa chini. Niliketi kwenye kigogo katikati ya wanawake wawili, mmoja akasogea kunipisha, nikamenya ndizi pamoja nao mpaka zikaisha.